Ghala la Kahawa na Mgeni Mlangoni

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Masomo: Mhubiri 1:2, 2:21-23. Wakolosai 3:1-5, 9-11. Luka 12:13-21



Injili tuliyoisikia leo inaanza na ugomvi wa urithi. Mtu mmoja katikati ya umati anamwomba Bwana wetu amwamuru ndugu yake wagawane mali waliyoachiwa. Sisi tunaoishi Buhaya hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kukaa barazani akisikiliza kesi ya kibanja, mkubwa akidai migomba, mdogo akidai mibuni, na shangazi akikumbusha yale aliyoyasema marehemu siku zake za mwisho? Bwana anakataa kuwa mwamuzi wao. Badala yake anawasimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa mno hata akakosa mahali pa kuweka mavuno, akaazimia kuyabomoa maghala yake na kujenga mengine makubwa zaidi. Na usiku uleule uhai wake ukadaiwa.

Leo tunataka tuzungumze nanyi habari za ghala, wala si lile la mfano tu, bali ghala la matofali na mabati, ambalo baadhi yenu mnalifahamu kwa macho.

Ghala hilo liko katika kigango kimoja, mwendo usio mrefu kutoka Rwamishenye, ukishaiacha njia panda na kushika barabara ya kusini iendayo Kemondo na Muleba. Wazee wanasema lilijengwa kwa nguvu za wakulima wenyewe, wakati ushirika ulipokuwa ushirika. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Paa lake ni la mabati mazito ya zamani, ambayo mafundi wa leo huyagonga kwa kidole na kutikisa kichwa kwa heshima. Sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe ili unyevu wa ardhi usipande na kuyaozesha magunia. Chini ya paa kuna matundu ya hewa, yamepangwa kwa mstari ulionyooka kuliko mistari ya nyumba nyingi tunazojenga siku hizi. Na mlangoni, kwenye boriti, imebaki ndoano nene ya chuma iliyokuwa ikitundikwa mizani. Hapo ndipo kahawa ya maganda ilipopimwa, gunia kwa gunia, mwenye nayo akiwa amesimama pembeni akiutazama mshale.

Chama kilipolihama jengo hilo, kiwanja kilibaki mikononi mwa kigango. Likatumika kuwekea viti vya sherehe, kisha mbao, kisha likawa makao ya popo. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, likaja tetemeko lile ambalo hakuna haja ya kuwakumbusha. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia katika mkoa wetu, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na majengo ya Ihungo, shule iliyolea vijana wetu wengi, yakaharibika kiasi kwamba ilibidi shule ijengwe upya. Ghala letu halikuanguka. Ukuta wa mashariki ulipasuka kuanzia juu hadi dirishani, na pembe moja ya paa ikalegea. Tangu hapo wazazi waliwakataza watoto kucheza karibu nalo, nasi tukaweka miiba mlangoni tukasema tutaangalia baadaye. Neno hilo "baadaye", wapendwa, lina popo wengi kuliko ghala.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mkutano wa kigango kuamua lifanyiwe nini. Vijana walikuja na hesabu yao imeandikwa vizuri: tulibomoe, tuuze mabati na mbao, tujenge fremu sita za maduka, kodi yake isaidie sare na madaftari ya watoto yatima. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka kinyume chake. Yeye alisema tulitengeneze, liwe nyumba ya kupokelea wageni: mahujaji wanaokuja kusali kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa katika Kanisa Kuu la Bukoba, wanafunzi wanaokunywa chai asubuhi na hawajui kahawa ya babu yao ilikwenda wapi, wasafiri wanaoingia kupitia Mutukula, na watu wa mbali wanaoinywa kahawa yetu bila kuwahi kuuona mbuni.

Tunakiri mbele yenu kwamba sisi tuliingia katika mkutano ule tukiwa upande wa vijana. Tuliogopa gharama. Tena tuliona si haki kutumia sadaka za maskini kutengenezea kitu cha kuonyeshea wageni. Hata Injili hii ya leo ilikuwa tayari kichwani mwetu, na tulidhani inatuunga mkono: wapumbavu ndio wanaohangaika na maghala.

Hapo ndipo tulipoisoma upya. Tajiri yule hakulaumiwa kwa sababu ya kuwa na ghala. Hakulaumiwa hata kwa kuvuna sana, kwa maana shamba ndilo lililozaa, na mvua ni ya Mungu. Sikilizeni namna anavyosema. Anazungumza na nafsi yake peke yake. Kila analolitaja ni lake: mavuno yake, maghala yake, mali yake, roho yake. Katika habari yake yote hakuna mke, hakuna jirani, hakuna mvunaji aliyelipwa ujira, hakuna mgeni aliyebisha hodi. Ni nyumba isiyo na mtu mwingine ndani yake. Anashauriana na nani? Na nafsi yake. Anafurahi na nani? Na nafsi yake. Ndiyo maana anapoulizwa vitu hivyo vitakuwa vya nani, hana jina la kutaja. Na Mhubiri, katika somo la kwanza, anaugusa uchungu huohuo kutoka upande mwingine: mtu anayejitaabisha kwa hekima na maarifa, kisha anamwachia fungu lake mtu ambaye hakulitolea jasho.

Tusiilazimishe Injili, ndugu wapendwa. Bwana hakutoa amri juu ya majengo ya kale, na yeyote atakayewaambia kwamba Luka 12 inakataza kubomoa ghala bovu anacheza na maneno ya Mungu. Swali lililomo humo ni jingine: ghala hili ni kwa ajili ya nani?

Mababa wa Kanisa walilielewa hivyo. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, alihubiri hasa juu ya tajiri huyu, katika nchi ya Kapadokia iliyoijua njaa. Aliwafundisha waamini wake kwamba anayetafuta maghala asihangaike, anayo tayari, ni matumbo ya maskini. Na huko Uingereza, katika kijiji cha Great Coxwell, lipo ghala la mawe lenye umri wa miaka ipatayo mia saba, lililojengwa na wamonaki Wasistersiani wa abasia ya Beaulieu kwa ajili ya mazao ya mashamba yao. Abasia yenyewe ilivunjwa wakati wa Mfalme Henri wa Nane. Ghala likabaki, na wageni huingia kulitazama. Huingia kama waingiavyo kanisani, wakiinua macho kwenye nguzo na boriti. Ni jambo la kushangaza kidogo: nyumba ya sala imekuwa magofu, nyumba ya nafaka imesimama.

Yuko pia Yosefu wa Misri. Tunapenda kumtaja kama mfano mwema, naye alistahili: miaka saba alikusanya nafaka, miaka saba ya njaa akaifungua milango, na ndugu zake waliomuuza wakaja wakala. Lakini someni Kitabu cha Mwanzo mpaka sura ya 47. Watu walitoa fedha zao kwanza, kisha mifugo, kisha mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao, yote kwa ajili ya chakula kutoka katika maghala yaleyale. Maandiko Matakatifu hayakulificha jambo hilo. Ghala liliwaokoa watu na kifo, na ghala hilohilo likawaweka chini ya deni.

Tunalisema hili kwa sababu ya bibi mmoja.

Ni mjane, jina lake tunaliacha. Katika mkutano ule alikaa karibu na mlango, hakuomba nafasi ya kusema mpaka mwenyekiti alipotaka kufunga. Ndipo akasimama, akafungua fundo la khanga, akatoa mkebe wa majani ya chai. Ndani yake zilikuwamo stakabadhi za kahawa, zimekunjwa, zimegeuka rangi, lakini kilo zinasomeka. Akasema: "Padri, mimi sikatai mlitengeneze. Nami nililibebea matofali kichwani nikiwa msichana. Lakini huyo mgeni mtamwambia nini? Mtamwambia kwamba hapa tulikuwa tunacheza ngoma tu?"

Kisha akaeleza. Mwaka mmoja marehemu mumewe alipeleka kahawa yote ghalani, akapewa malipo ya kwanza na stakabadhi, akaambiwa asubiri malipo ya pili. Hayakufika. Msimu uliofuata, kwa kuwa nyumbani hakuna kitu, wakauza butura. Wasikilizaji wetu wa mbali na Kagera pengine hawalijui neno hili. Butura ni kumwuzia mchuuzi kahawa ingali mtini, wakati mwingine ingali ua, kwa bei ya mwenye njaa. Mwenye mbuni anapalilia, anatandaza nyasi, anachuma, lakini anachuma kwa ajili ya mwingine. Mtoto wao wa kwanza aliacha shule mwaka huo. Bibi hakulia alipokuwa akisema. Alizirudisha karatasi ndani ya mkebe, akafunga mfuniko, akakaa.

Mkutano ulinyamaza. Mmoja wa vijana waliokuja na hesabu ya fremu alisema kwa sauti ndogo kwamba hata kwao nyumbani upo mkebe kama ule.

Ndugu wapendwa, sisi watu wa Bukoba tunayo historia ya kahawa ambayo tunaweza kujivunia bila aibu. Kahawa haikuletwa kwetu na meli. Kabla ya mkoloni yeyote kufika, kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, na kabla Wamisionari wa Afrika hawajaanzisha misioni ya Kashozi mwaka 1892, babu zetu walikuwa nayo vibanjani, chini ya migomba. Hawakuinywa. Waliichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Na zaidi ya yote waliitumia kumpokea mgeni. Mgeni akiingia chini ya msonge, kabla hajaulizwa shida iliyomleta, alinyoshewa kikapu kidogo chenye akamwani. Hata urafiki wa kuchanjiana ulifungwa kwa tunda la kahawa, kwa kuwa ndani ya tunda moja zimelala punje mbili, uso kwa uso; kila rafiki alimeza moja. Hatuwatumi mrudie kuchanjana, msituelewe vibaya. Twataka mkumbuke tu kwamba kahawa, kabla ya kuwa bidhaa, ilikuwa neno la kukaribisha.

Ikawa bidhaa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizikataa kanuni za kahawa ambazo serikali ya kikoloni iliwatwisha juu ya mashamba yao wenyewe. Mwaka 1950 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, na kwa muda kahawa ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba, ikajenga makanisa. Waliosoma Rubya na Ihungo wanajua ada yao ilichumwa wapi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Kila badiliko lilikuwa na wataalamu wake wa kulieleza. Mkulima aliyaelewa yote kwa njia moja, kwa kuutazama mshale wa mizani na noti zilizotoka dirishani.

Basi nyumba ya wageni itasema nini? Hapa ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumeiona hatari moja na kuiacha nyingine. Tuliogopa kwamba tunatengeneza jengo kwa fahari. Hatukuona kwamba hata jengo lililotengenezwa vizuri, lenye picha ukutani na kitabu cha wageni mezani, laweza kukaa likizungumza na nafsi yake kama yule tajiri: ushirika wetu, mababu zetu, utamaduni wetu, roho yangu starehe. Mgeni ataingia, atasikia sifa, atapiga picha, ataondoka. Hakuna mtu atakayekuwa amekutana na mtu.

Mtume Paulo anawaambia Wakolosai leo wasiambiane uongo, kwa kuwa wameuvua utu wa kale. Tumezoea kulifasiri neno hilo kwa habari za uongo wa sokoni na wa ndani ya nyumba. Lakini upo pia uongo wa makumbusho. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili. Pale Bagamoyo, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni yao mwaka 1868, ya kwanza katika bara la Afrika Mashariki, walijenga nyumba ya Mapadri, kanisa, na nyumba ya Masista ambayo ni ya mwaka 1876. Nyumba hiyo ya Masista ndiyo iliyogeuzwa kuwa makumbusho. Anayeingia humo haonyeshwi tu misalaba na picha za mapadri wenye ndevu. Husimuliwa pia habari za utumwa, za watu waliouzwa na kununuliwa katika pwani ile. Jengo linalosema hivyo linaweza kumpokea mzao wa aliyeuzwa na mzao wa aliyeuza pia.

Jambo jingine tulilojifunza linahusu mikono. Wengi wenu mmepita Kampala. Pale Kasubi, nyumba kubwa ya nyasi yenye makaburi ya makabaka wanne wa Buganda iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Ilikuwa imeandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na baada ya moto ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Haikutolewa humo mpaka mwaka 2023. Miaka kumi na mitatu! Fedha ilihitajika, na ilitoka kwa serikali ya Uganda na kwa marafiki, Japani ikiwamo. Lakini fedha haiezeki nyasi. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, unaorithishana ufundi huo. Ilibidi wazee wawafundishe vijana kuchagua nyasi, kuzifunga mafungu, kuzipanga. Ndani, pete za matete zilizo chini ya paa zinahesabika 52, kwa ajili ya koo 52 za Buganda, ili kila mtu anayeinua macho aone ukoo wake. Hatuzungumzii hapa mila za makaburi yale. Hizo zina wenyewe. Tunazungumzia ule ufundi ambao ungelikufa na wazee kama moto usingeliwalazimisha vijana kuuliza. Na kwetu hapa, ni vijana wangapi wa Kihamba, wa Kihanja, wa Kiziba wanaoweza kuujenga msonge bila kumwita babu? Na babu yupo?

Basi turudi kigangoni. Mkutano ulikwisha jioni sana, na tuliyokubaliana si makubwa.

Ghala halitabomolewa. Vijana watajenga fremu mbili tu, pembeni, upande wa barabara, na kodi yake itakwenda kwa yatima kama walivyotaka, na daftari lake litabandikwa ukutani kila mwezi ambapo kila mtu atalisoma. Kabla mtu yeyote hajaondoa tofali moja, mwalimu mstaafu na wanafunzi watalipima jengo lote na kulipiga picha, na barua imekwenda kwa wahusika wa mambo ya kale tusije tukavunja sheria ya nchi kwa nia njema. Fundi atakagua msingi. Paa ndilo litakaloanza, kwa maana jengo linalovuja halina haja ya rangi. (Tunawaomba radhi wale waliokuwa wamekwisha kununua chokaa kwa ajili ya ziara ya Askofu.) Nyufa hazitapigwa saruji, kwa sababu ukuta wa udongo ukifungiwa ndani ya saruji hushindwa kupumua, unyevu hubaki ndani, na tofali humong'onyoka polepole nyuma ya plasta nzuri, zitajazwa kwa udongo uleule uliochanganywa vizuri, na juu ya kuta utapita mkanda wa mbao ngumu kuzishika pamoja, kwa kuwa ardhi iliyotikisika mara moja inaweza kutikisika tena. Popo watafukuzwa jioni watokapo kula, matundu yatawekwa wavu, wala hawatauawa. Hilo lilisemwa na mtoto wa darasa la tano, na likapita bila kupingwa.

Ndani patakuwa na benchi, na maji ya kunywa, na kikapu cha akamwani. Kila anayeingia atapewa kwanza kahawa, halafu ndipo aulizwe anatoka wapi. Haijalishi amekuja na gari au kwa miguu, ana kamera au hana. Akina mama wa jumuiya wamekwisha kupanga zamu, nasi tumewaomba wasisahau kwamba mwenye njaa anayepita barabarani naye ni mgeni, ingawa hataandika jina kitabuni.

Na stakabadhi? Kuna aliyesema ziwekwe mahali penye heshima, lakini pasipoonekana sana. Bibi alimtazama, hakujibu, na pendekezo likaanguka lenyewe. Zitawekwa ukutani, nyuma ya kioo, mkabala wa mlango, pamoja na za nyumba nyingine zitakazojitokeza, na chini yake patafafanuliwa butura ni nini. Hatuna uwezo wa kulipa deni lile, wala hatutaki mtu adhani kwamba kutundika karatasi ni kulipa. Familia nyingine zimeanza kuleta mikebe yao. Wiki hii mwalimu amepokea stakabadhi 31, anazinakili moja moja katika daftari la mistari, jina, kijiji, kilo, na nafasi ya malipo ya pili anaiacha wazi kama ilivyo.

Bibi aliomba jambo moja zaidi. Mizani ya zamani imeonekana. Ilikuwa katika stoo ya kigango chini ya mahindi, ina kutu lakini mkono wake haujapinda. Ameomba itundikwe tena kwenye ndoano ile, na kabla ya wageni kuonyeshwa, ipimwe mbele ya watu wote kwa uzito unaojulikana, tujue kama ilikuwa ikisema kweli. Fundi wa mizani kutoka mjini amekubali kuja na mawe yake ya kupimia Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Matokeo yake, yawe mema au mabaya, yataandikwa kando ya mizani. Tutakuwapo, na tunawaalika wote mnaoweza kufika. Njooni na majembe, ufagio na ngazi kwa wenye nazo.

Sasa tusimame, tuikiri imani yetu.